Ukurasa Uliotolewa na Hesabu ya Kurudi Kwake

Ndugu wasomaji wa Kerenge, na jirani zetu wa Korogwe na Handeni, mliokabidhiwa kompyuta ya shule, ya zahanati, ya chama cha ushirika au ya duka la steshenari, na ambao aghalabu huiona mashine hiyo ikizubaa saa ileile watu wamejaa mlangoni, shauri langu ni moja na nitalieleza kwa kituo: msinunue kumbukumbu mpya, wala msiitupe mashine, wala msimlaumu fundi, kabla hamjaiuliza mashine yenyewe ni vitu vingapi ilivitoa katika kumbukumbu yake, na vingapi katika hivyo ililazimika kuvirudisha baada ya kitambo kidogo. Jawabu la swali hilo limo ndani ya mashine, limeandikwa kwa tarakimu, na kulisoma hakuna gharama.

Hali yetu inajulikana. Kompyuta nyingi zilizofika vijijini kwetu zilikwisha kutumika kwingine kabla ya kutufikia. Zina kumbukumbu ya gigabaiti 2, au zikibahatika 4, na diski ya kuzunguka ambayo husikika ikikwaruza kila inapotakiwa kusoma. Nchi hii ilipita katika zama ambazo kompyuta ilionekana kuwa mzigo kwa hazina, hata Serikali ikapiga marufuku mwaka 1974 kuziingiza. Na ikapita pia katika zama njema za mwaka 2004, wakati wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipotoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye kusema na mtumiaji kwa Kiswahili. Kazi ile naisifu bila kusita. Lakini iliishia katika dhahiri ya mashine, na yale ya batini, yaani jinsi mashine inavyogawa na kunyang'anya kumbukumbu yake, yakabaki katika lugha za watu wengine. Ndipo mtu mwenye akili zake timamu akawa hana dawa ya kompyuta nzito ila kuizima na kuiwasha.

Na tuingie katika batini hiyo. Ndani ya kila mfumo endeshi mna keneli, ambayo ndiyo kiini chake na ndiyo yenye mamlaka juu ya kumbukumbu yote. Keneli ya Linux, ambayo ndiyo nitakayoieleza kwa kuwa ndiyo inayoziweka hai mashine nyingi kongwe, huikata kumbukumbu katika kurasa, na katika kompyuta zetu za kawaida ukurasa mmoja ni baiti 4,096, hivi kwamba gigabaiti 2 ni kurasa 524,288 wala si zaidi. Kurasa hizo ni za namna mbili. Ziko zilizosomwa kutoka katika faili, zikiwemo programu zenyewe, na hizi zikitolewa hakuna kilichopotea, kwa maana asili yake ingali diskini. Ziko nyingine ambazo programu zimezitunga zenyewe zikiwa kazini, kama vile barua uliyoiandika nusu na hujaihifadhi, au picha zilizofunguliwa ndani ya kivinjari. Hizi hazina faili, na keneli ikitaka kuzitoa haina budi kuziandika kwanza katika sehemu ya diski iitwayo swapu.

Mtu akiandika amri ya free na kuona kwamba kumbukumbu iliyo tupu ni haba mno, hutaharuki bure. Keneli haioni faida ya kumbukumbu iliyokaa tupu, na kila ukurasa usio na kazi hutiwa faili iliyosomwa karibuni, kwa matumaini kwamba itatakiwa tena. Itazameni safu ya available, inayokadiria kiasi kinachoweza kupatikana bila taabu, wala msishughulike na ile ya free. Hata hivyo safu hiyo nayo ni makadirio tu, na haisemi kama zile kurasa zitakazotolewa zitahitajika tena dakika ijayo. Hapo ndipo ilipo siri ya jambo letu, kwa maana kutoa ukurasa si dhara. Dhara ni kuutoa ukurasa ambao mwenyewe yuko njiani kuutaka.

Keneli huziweka kurasa katika safu mbili. Ukurasa wa faili unaosomwa kwa mara ya kwanza huingia katika safu ya majaribio. Ukitakiwa mara ya pili ungali humo, hupandishwa katika safu ya kurasa zenye kazi, ambako hulindwa. Nafasi ikikosekana hutolewa kwanza walio mkiani mwa safu ya majaribio. Kanuni hii ni ya busara, kwa kuwa faili kubwa inayosomwa mara moja tu na kuachwa, kama filamu au nakala ya akiba, hupita katika majaribio bila kuwasukuma wenye kazi. Lakini ina nakisi moja ambayo kwa miaka mingi haikuwa na tiba: safu ya majaribio ikiwa fupi, ukurasa unaotakiwa mara kwa mara waweza kutolewa kila mara kabla ya kutakiwa mara ya pili, ukarudi, ukatolewa, ukarudi tena, na kila ukirudi keneli huupokea kana kwamba haijapata kuuona, ilhali katika safu ya wenye kazi wamejaa waliofanya kazi asubuhi na tangu hapo wamelala.

Kwa kuwa Korogwe ni nchi ya mkonge, tumfikirie karani wa kambi ya shamba, mwenye vyumba vya wenyeji wa kazi na vyumba vichache vya wageni. Vyumba vya wageni vikijaa, kila anayeingia sharti mmoja atoke. Karani asiye na daftari humtoa mtu leo, na kesho humpokea kama mgeni wa siku zote, wala hajui kwamba amemtoa mtu yuleyule mara ishirini. Karani mwenye daftari huandika, kila anapomtoa mtu, kwamba huyu ni wa 4,210 kutolewa tangu kambi ifunguliwe. Mtu huyo akirudi mlangoni, karani huangalia hesabu imefikia wapi. Ikiwa ni 4,240, anajua kwamba wametolewa wengine 30 wakati huyu hayupo, na kwa hiyo kwamba lau vyumba vya wageni vingalizidi kwa 30, mtu huyu asingalitolewa kamwe. Kisha hujiuliza: je, wenyeji waliokalia vyumba vya kudumu wanazidi 30? Wakizidi, basi huenda miongoni mwao wamo wa kutosha waliolala tu, na haki ni kumweka huyu aliyerudi katika vyumba vya kudumu moja kwa moja, ashindane nao, na atakayeonekana hana kazi ashuke.

Hivyo ndivyo keneli ya Linux inavyofanya tangu toleo la 3.15 lililotoka mwaka 2014, kwa kazi ya Johannes Weiner. Ukurasa ukitolewa, mahali palepale ambapo anwani yake ilikuwa imeandikwa huachwa kivuli, nacho ni namba tu yenye kuonyesha hesabu ya wakati wa kutoka. Ukurasa ukirudi, keneli hutoa hesabu ya zamani katika hesabu ya sasa, na tofauti hiyo ndiyo umbali wa kurudi. Angalieni vema kwamba umbali huu haupimwi kwa saa wala kwa dakika. Ukurasa uliotolewa jioni ukarudi asubuhi, ikiwa usiku mashine ilikaa kimya, umerudi kutoka karibu. Na ule uliorudi baada ya sekunde tano, ikiwa katika sekunde hizo kurasa laki mbili zimepita, umerudi kutoka mbali. Mwaka 2020, katika toleo la 5.9, kwa kazi ya Joonsoo Kim, kanuni hiyo ilienezwa kwa kurasa zisizo na faili ziendazo katika swapu. Vivuli vyenyewe huchukua nafasi kidogo, na vikizidi mno keneli huvifagia.

Fikira iliyo nyuma ya haya ni kongwe kuliko Linux. Mwaka 1968 Peter Denning alieleza kwamba kila programu ina jumla ya kurasa inazozihitaji kwa wakati mmoja, na kwamba programu kadhaa zikiwekwa pamoja katika kumbukumbu isiyotosha jumla zao, mashine haipungui kasi kidogokidogo bali huanguka ghafula, ikawa kazi yake yote ni kuingiza na kutoa. Kwa hiyo kompyuta iliyokwenda vizuri ikiwa na madirisha saba ya kivinjari yaweza kuganda kabisa kwa la nane, na mwenye duka akaapa kwamba ina virusi.

Kijana mmoja wa duka la steshenari alinijia na shida ya namna hiyo. "Shikamoo, mwalimu. Mashine imechoka, nataka kuiongezea ramu." Nikamwambia, "Marahaba, mwanangu. Tuiulize kwanza." Mashine ilikuwa ya gigabaiti 2, na watu walikuwa wakisubiri kuchapiwa barua za maombi na fomu za shule, kivinjari kilikuwa wazi na madirisha mengi, programu ya kuandikia pia, na diski ilikwaruza bila kunyamaza ingawa hakuna faili mpya iliyokuwa ikifunguliwa. Tukaandika amri hii:

grep workingset /proc/vmstat

Ikatoa mistari kadhaa, kila mmoja na jina na namba. Namba hizo huhesabiwa tangu mashine ilipowashwa, na umeme ukikatika, kama tulivyozoea huku, huanza tena sifuri. Kwa hiyo namba moja peke yake haina maana, na lazima kusoma mara mbili na kutoa. Tukaandika katika daftari 81,204 mbele ya workingset_refault_file, ambao ni mstari wa kurasa za faili zilizorudi, tukangoja dakika moja kazi ikiendelea, tukasoma tena tukakuta 96,564. Tofauti ni kurasa 15,360, na kwa kuwa kurasa 256 ni megabaiti moja, mashine ilikuwa imerudisha katika dakika ile megabaiti 60 za vitu ilivyokwisha kuwa navyo na kuvitoa. Mstari wa workingset_activate_file nao ulikuwa umepanda kwa 14,100, maana yake zaidi ya kurasa tisa katika kila kumi zilizorudi zilikuwa zimerudi kutoka karibu. Lakini workingset_refault_anon, ya kurasa zisizo na faili, ilikuwa sifuri tangu asubuhi, na hiyo sifuri ndiyo iliyonifumbua macho: swapu ilikuwa imezimwa.

Swapu huzimwa na watu wema kwa nia njema, kwa kuwa wamesikia kwamba inaua diski au inapunguza kasi. Taksiri yake ni hii: swapu ikizimwa, keneli haiwezi kuzitoa kurasa zisizo na faili hata kama zimelala tangu jana, basi mkono wake hubaki juu ya kurasa za faili peke yake; na kwa kuwa programu zenyewe ni faili, hujikuta ikitoa kipande cha kivinjari ili kupata nafasi ya kivinjari hichohicho. Tulirudisha swapu ya aina ya zram, ambayo hubana kurasa na kuziweka ndani ya kumbukumbu ileile bila kugusa diski, tukafunga madirisha yasiyo na haja, na hesabu ya dakika moja ikashuka hata kuwa kurasa mia chache. Ramu haikununuliwa siku ile.

Wenye keneli kongwe kuliko 5.9 watakuta mstari mmoja tu wa workingset_refault, usiotenganisha kurasa za faili na zisizo na faili. Unafaa pia, ila hausemi mengi.

Sasa namna ya kuzihukumu hesabu hizo. Ikiwa diski inafanya kazi kwa nguvu lakini refault haipandi, basi mashine inasoma vitu vipya, pengine nakala ya flashi ya mteja au ukaguzi wa virusi, na kumbukumbu hata ikiwa maradufu haitaongeza kasi. Hapo dawa ni diski isiyozunguka, au subira. Ikiwa refault inapanda na activate haipandi pamoja nayo, kurasa zinarudi kutoka mbali, na nyongeza ndogo ya kumbukumbu itakuwa fedha iliyotupwa, kwa kuwa pengo ni kubwa kuliko utakachonunua. Kwanza tafuteni ni programu gani inayopitia faili nyingi kwa mzunguko, kisha mwipangie saa za usiku. Ikiwa zote mbili zinapanda, mko karibu na kutosheka, na hapo ndipo nyongeza ya gigabaiti moja au mbili, au kupunguza kazi kwa kiasi kama hicho, huleta nafuu ya kuonekana. Na mkiona workingset_restore inapanda kwa wingi, ni habari mbaya kuliko zote, kwa kuwa huo ni mstari wa kurasa zilizokuwa katika safu ya wenye kazi, zikatolewa kwa dhiki, kisha zikarudi.

Pimeni wakati wa kazi. Kupima asubuhi mara baada ya kuwasha ni kupoteza muda, kwa sababu hakuna kilichokwisha kutolewa na kwa hiyo hakuna kiwezacho kurudi. Na kupima wakati duka limefungwa ni vivyo hivyo. Pimeni saa ya msongamano, mara kadhaa, kwa siku zisizofanana, na mwandike kando ya kila namba ni programu zipi zilizokuwa wazi. Daftari la mkono latosha.

Kuna desturi moja ambayo ningependa ikome kabisa. Mafundi wengine huweka amri ya kila saa inayoandika 3 katika /proc/sys/vm/drop_caches, na baada yake humwonyesha mwenye mashine jinsi kumbukumbu tupu ilivyoongezeka, naye hufurahi na kulipa. Amri hiyo hufukuza kurasa safi za faili bila kupambanua, na, lililo baya zaidi, kurasa zinazoondolewa kwa njia hiyo haziachi vivuli, kwa sababu keneli huhesabu kwamba mwenye mashine amezitupa kwa hiari yake. Hivyo zinaporudi, nazo zitarudi, hazihesabiwi kuwa zimerudi: mashine imepunguzwa kasi na wakati huohuo imenyang'anywa ushahidi wa kupunguzwa kwake. Mkiirithi kompyuta kutoka kwa fundi mwingine, tafuteni kwanza amri hiyo katika ratiba za cron, na mkiikuta iondoeni kabla ya kupima chochote.

Jihadharini pia na kuogopa namba bila kuangalia maumivu. Penye zram, refault_anon yaweza kupanda sana na mtumiaji asihisi lolote, kwa kuwa kukunjua ukurasa uliobanwa ndani ya kumbukumbu ni kazi ya sehemu ndogo mno ya sekunde, ilhali diski ya kuzunguka huhitaji takriban sekunde moja ya mia kwa kila mahali papya inapotafuta. Kwa hiyo mkishasoma hesabu za kurudi, someni na faili iitwayo /proc/pressure/memory, iliyoletwa na toleo la 4.20 mwaka 2018 na ambayo ni matunda ya vivuli vilevile. Mstari wake wa some hueleza ni asilimia ngapi ya muda ambapo angalau kazi moja ilikuwa imesimama ikingojea kumbukumbu, na ule wa full hueleza muda ambapo kazi zote zilizotaka kwenda zilisimama. Na kila mstari una wastani wa sekunde 10, 60 na 300. Mimi hutazama ule wa sekunde 300, maana wa 10 hutishwa na jambo dogo. Ukikaa sifuri au karibu na sifuri saa ya kazi, iacheni refault ipande ipendavyo. Ukipita makumi, na hasa full ikiwa nayo imepanda, mashine inateseka kweli.

Wenye Windows wanayo programu ya Resource Monitor, inayoonyesha kurasa zinazosomwa kutoka diskini kila sekunde, lakini hesabu hiyo huchanganya ukurasa unaosomwa mara ya kwanza na ule uliotolewa ukarudi, na kwa sababu hiyo hukumu yake ni dhaifu. Hiyo ni sababu mojawapo inayonifanya nipendelee Linux katika mashine ndogo, ingawa sitamlazimisha mtu.

Na ikiwa baada ya haya yote hesabu zimethibitisha kwamba kumbukumbu haitoshi, basi nunueni, lakini msiende mjini mikono mitupu. Andikeni sudo dmidecode -t memory, na mashine itataja aina ya kumbukumbu iliyomo, nafasi ngapi zimejaa na ngapi ziko wazi, na kiwango cha juu inachoweza kupokea; nakilini hayo katika karatasi, kwa kuwa kibao cha DDR3 hakiingii katika nafasi ya DDR4, wala cha kompyuta ya mezani hakiingii katika ya kupakata, na muuzaji wa vifaa vilivyotumika aghalabu hakubali kurudishiwa kilichokwisha kufunguliwa. Mkishakiweka, someni namba za refault dakika moja katika saa ileile ya msongamano mliyokuwa mkiipima kabla, na madirisha yaleyale yakiwa wazi, mkamwonyeshe aliyetoa fedha tofauti ya hesabu hizo mbili.